Sura ya 7: Meza ya Kuweka na Kuondoa

Katika mashua ndogo, meza hulala muda mrefu kuliko inavyosimama. Chombo cha mita 6 kikitoka alfajiri na kurudi alasiri, meza itatumika saa moja, pengine mbili: wakati wa kula, wakati wa kutandaza ramani ya bahari, wakati wa kutengeneza kitu kilichokatika. Saa nyingine zote iko mahali fulani, na kwenye mashua kila mahali tayari pana mwenyewe. Ndiyo maana sura hii haianzi na msumeno wala ubao. Inaanza na swali ambalo maseremala wengi wa nyumbani huliacha mpaka kazi iishe: meza hii ikiondolewa, italala wapi?

Chukua mashua ya kawaida ya pwani yetu, yenye tanga moja, urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.8 katikati. Kuna fundo, ule ubao mnene unaokingama kutoka ubavu hadi ubavu na kuushika mlingoti. Nyuma yake, kuelekea tezi, kuna mabenchi mawili ya pembeni, kila moja lina upana wa sm 35 hivi, na baina yake nafasi wazi ya sm 90 ambamo watu huweka miguu, ndoo ya kukumbia maji, nanga ndogo na kikapu cha chakula. Tezi kabisa anakaa nahodha na kana yake. Nafasi ile ya katikati ndiyo pekee inayoweza kupokea meza, na ndiyo hiyo hiyo wanayoivuka mabaharia kila chombo kinapogeuzwa. Foromali inazungushwa kwenye mlingoti, demani inahamishwa, na watu nao wanahama upesi kwenda upande wa joshi ili wakipe chombo uzani. Meza ikiwa imesimama njiani wakati huo mtu atajikwaa, na anayejikwaa ndani ya mashua humwangukia mwenzake au huanguka baharini.

Kwa hiyo meza isimamishwe nanga ikiwa chini, au chombo kikiwa kimetulia juu ya fungu la mchanga maji yametoka, au pale ambapo upepo ni wa nyuma, mwanana, na bahari imelala. Chombo kikianza kubisha, meza iwe imekwisha kuondoka. Sharti hili ndilo litakaloamua karibu kila kitu kinachofuata, kuanzia uzito wa mbao hadi aina ya kamba. Meza ambayo haiondoki kwa haraka ni hatari, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi wa namna gani.

Wazo lenyewe si geni. Katika manowari za Uingereza za karne ya 18 mabaharia walikula kwenye meza zilizoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye maboriti ya sitaha, katikati ya mizinga. HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo leo inatazamwa na wageni huko Portsmouth, ilibeba watu wapatao 820 katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, na wengi wao walikula, walilala na kupigana katika nafasi zilezile. Adui alipoonekana meza ziliondolewa zote ili mizinga ifanye kazi. Mashua yetu haina mzinga, lakini ina tanga, na tanga halina subira.

Kuna swali jingine ambalo msomaji wa pwani atauliza, na ana haki ya kuuliza. Meza ya nini, na sinia lipo? Wazee wetu walisafiri kutoka Lamu hadi Unguja na hadi Maskati wakila sinia moja, wameketi chini wamelizunguka, na hakuna aliyelala na njaa kwa kukosa meza. Ninaliheshimu sinia. Ukilitazama kwa jicho la fundi, limekwisha kutatua nusu ya matatizo ya sura hii: lina ukingo unaozuia chakula kumwagika, halina miguu ya kuvunjika, linashika watu wengi katika eneo dogo, na likimaliza kazi linasimamishwa ubavuni halichukui nafasi. Lakini jahazi kubwa lina sitaha kavu ya kukalia. Mashua ya mita 6 haina. Chini kuna mataruma, kuna maji ya ngama yanayopita huku na huku, kuna mchanga na magamba ya samaki. Mzee mwenye magoti mabovu hawezi kuchutama humo, na mama mwenye mtoto mchanga hana pa kuweka chupa ya uji. Zaidi ya hayo, ramani ya bahari haitandazwi juu ya sinia. Basi ninachopendekeza ni meza inayolipokea sinia, si inayolifukuza, na kabla ya kuamua upana wa meza yako lipime sinia la nyumbani kwako kwanza.

Sasa vipimo. Mafundi wa Matondoni na wa Nungwi, ambako vyombo vya mbao bado vinaundwa ufukweni, wamezoea kupima kwa jicho, kwa shibiri na kwa mkono, na kwa kazi hii mwili ni kipimo kizuri kuliko utepe. Mtu akiketi, meza inayomfaa iko juu ya kiti chake kiasi cha shibiri moja na nyanda tatu, yaani sm 28 hadi 30. Ikizidi hapo mabega yanapanda na mikono inachoka. Ikipungua magoti hayapiti. Kama mabenchi yako yako sm 42 juu ya sakafu, uso wa meza utakuwa sm 70 au zaidi kidogo. Urefu wa ubao kwa kila mlaji ni sm 55 hadi 60 ili viwiko visigombane, lakini kwenye chombo watu hubanana, na sm 45 zinatosha kwa watu wanaopendana. Meza ya urefu wa sm 90 na upana wa sm 60 inahudumia watu 4, wawili kila upande. Upana huo wa sm 60, ukiwekwa katikati ya nafasi ya sm 90, unabakisha sm 15 kila upande baina ya meza na benchi, na hapo miguu inaingia bila taabu.

Lakini tazama tena benchi: upana wake ni sm 35. Meza ya sm 60 haiingii chini yake. Hapa ndipo swali la kwanza linapotoa jibu lake. Ikate meza katika nusu mbili za sm 30 kwa urefu wake wote, uziunge kwa bawaba, na itakunjwa kama kitabu na kulala chini ya benchi, mbali na miguu ya watu na mbali na jua. Bawaba zikae upande wa juu, zimezamishwa ndani ya mbao ili zisikwaze sahani, na meza ikifungwa nyuso mbili safi zitatazamana, zisikwaruzwe na nanga wala mchanga. Kama chombo chako kina feuli tezini, unaweza kuichagua badala ya chini ya benchi, lakini mimi siipendi kwa kazi hii. Feuli ni ya vitu vinavyohitajika kwa dharura, na meza haiwi dharura kamwe.

Kabla ya kununua chochote, tafuta katoni kubwa, ile ya friji au ya televisheni. Ikate kwa vipimo hivyo, ishikilie kwa vijiti, na ukae nayo ndani ya mashua na familia yako kwa muda wa mlo mmoja. Mwambie mtu apite kutoka omo hadi tezi wakati wengine wameketi. Mwambie nahodha azungushe kana mpaka mwisho wake kila upande. Ikunje katoni, isukume chini ya benchi, itoe tena. Katoni hukatwa upya kwa kisu bila hasara, na marekebisho yatakayopatikana hapo hayatapatikana mezani kwa fundi.

Tunafika kwenye jambo linalogawa watu: meza isimame juu ya nini? Wenye mashua za kisasa za fiberglasi hupenda mguu mmoja wa bomba unaochomekwa katika tundu la chuma sakafuni. Unapendeza, na katika chombo chenye sakafu ngumu iliyozibwa unafaa. Lakini hebu fikiria mtu wa kilo 70 akiyumba na kuegemea ukingo wa meza ya namna hiyo. Uzito wake wote, ukizidishwa na umbali kutoka mguu hadi ukingo, unalifikia tundu lile dogo sakafuni, na linalong'oka ni ubao wa sakafu, si mguu. Tena tundu lenyewe linakusanya maji na mchanga, na siku ya haja mguu hauingii. Vyombo vyenye ubao wa kushushwa majini katikati vina bahati zaidi, kwa kuwa kisanduku cha ubao huo kinasimama penye nafasi ya watu na meza inaweza kukaa juu yake. Wayfarer ni mfano mzuri, chombo kidogo kisichofika mita 5 kilichosanifiwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Katika chombo cha aina hiyo Frank Dye na mwenzake walitoka Uskochi hadi Iceland mwaka 1963, wakipika, wakila na kulala ndani yake. Mashua zetu hazina kisanduku hicho. Zina fundo.

Basi tulitumie fundo, kwa sharti moja ambalo ninaomba lisivunjwe: usilitoboe. Fundo limebeba mlingoti, na mlingoti umebeba nguvu yote ya upepo. Tundu moja la skrubu linaingiza maji ya chumvi ndani ya ubao, chuma kinashika kutu, mbao inaoza kutoka ndani huku nje inang'aa, na siku ya upepo wa kusi ndipo inapojulikana. Hakuna meza yenye thamani hiyo.

Badala ya kutoboa, tengeneza mikono miwili inayouma ukingo wa nyuma wa fundo. Kila mkono ni kipande cha mbao cha unene wa mm 24 kinachosimama wima, na chini yake kimekatwa mdomo wa kulala, wenye kina cha sm 10 na uwazi unaolingana na unene wa fundo pamoja na mm 3 za ziada. Mdomo huo unasukumwa kutoka tezi kuelekea omo mpaka uume. Zile mm 3 ni za vipande vya mpira wa tyubu vinavyogundishwa ndani ya mdomo. Mpira unabana, unanyamazisha kelele, na unazuia mbao isikwaruze mbao. Mikono hiyo miwili inasimama sm 40 mbalimbali na kuunganishwa juu kwa mti wa kukingama wa sm 50, na juu ya mti huo ndipo meza inapokaa. Ili mikono isirudi nyuma na kuchomoka, kamba moja inazunguka mlingoti na kufungwa kwenye mti wa kukingama, kwa kitanzi kinachofunguka kwa kuvutwa mara moja.

Mdomo una udhaifu wake, nao uko katika nyuzi za mbao. Ukikata umbo hilo katika ubao wa kawaida, ama nguzo ama taya za mdomo zitakuwa na nyuzi zinazokatiza, na hapo itapasuka. Zipo njia mbili za kukwepa. Ya kwanza ni kugundisha pamoja vipande viwili vya plaiwudi ya mm 12, kwa sababu nyuzi za plaiwudi zinapishana na hazina upande dhaifu. Ya pili ndiyo wanayoitumia waunda mashua kwa mataruma: kutafuta tawi lililopinda lenyewe kwa umbo linalotakiwa, la mwembe kwa mfano, ili nyuzi zifuate kona. Ukimpata fundi mwenye rundo la matawi hayo, mwombe mawili. Mkono wa tawi lililopinda utaishi kuliko meza yenyewe.

Upande wa tezi meza inashikwa na mguu wenye umbo la T. Kichwa cha T kina urefu wa sm 50, kinabeba nusu zote mbili za meza na kuzizuia zisijikunje kwenye bawaba. Kitako chake kinakaa ndani ya fremu ndogo ya mbao iliyogundishwa juu ya sakafu, kina chake sm 1 tu. Sm 1 inatosha kuzuia mguu usiteleze chombo kikiyumba, na haitoshi kuung'ang'ania. Kichwa cha T kinaunganishwa na meza kwa vijiti viwili vya mkangazi, vya unene wa mm 10, vinavyoingia katika matundu ya pau za chini ya meza. Nimechagua mkangazi kwa kuwa ni laini. Mtu akianguka juu ya meza kwa kishindo, nataka kijiti kikatike na meza ilale, mtu aumie kiwiko badala ya mbavu, na mashua isipate kovu. Vijiti vya akiba havigharimu chochote; viwe vinne au vitano ndani ya kopo la vipuri.

Kuhusu mbao, uzito ndio mwamuzi. Ubao wa mvule wa unene wa mm 20, kwa meza ya sm 90 kwa 60, unakaribia kilo 7. Msaji, ule unaopandwa Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, haupishani nao sana. Mbambakofi, mti wa milango mizuri ya Lamu na wa vyombo pia, unapita kilo 8. Plaiwudi ya okume, mti wa Gabon, ikiwa na unene wa mm 9, haifiki hata kilo 2.5. Tofauti hiyo utaihisi mkononi kila unapoinama kuitoa meza chini ya benchi, na utaihisi zaidi chombo kikiwa kinarukaruka. Kwa hiyo uso wa meza uwe plaiwudi, na mbao ngumu ziwekwe kwenye kingo na pau, mahali zinapogongwa. Mvule ni chaguo langu la kingo: hauliwi ovyo na wadudu, hauogopi maji ya chumvi, na unapokea vanishi vizuri. Ukiuranda au kuupiga msasa funika pua na mdomo, maana vumbi lake linawasha koo na kifua, na la mninga vilevile.

Plaiwudi ndipo watu wanapodhulumiwa. Karatasi ya kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088 hutengenezwa kwa gundi isiyoyeyuka hata kwa maji ya moto, na matabaka yake ya ndani hayana mapengo. Lakini muhuri unaweza kupigwa na mtu yeyote. Omba kipande kidogo, nenda nacho nyumbani, kichemshe jikoni kwa saa tatu au nne, kikaushe, kisha kichemshe tena. Matabaka yakianza kuachana, hiyo ni plaiwudi ya dari za nyumba, hata iwe imeandikwa nini. Yakibaki yameshikana, nunua.

Gundi nyeupe ya seremala isikaribie kazi hii, kwani inalainika ikilowa. Tumia epoksi. Katika joto la pwani epoksi hukauka upesi kuliko maelekezo ya kopo yanavyosema, kwa kuwa maelekezo mengi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ikikusanyika nyingi ndani ya kikombe inajipasha moto yenyewe na kuganda mkononi mwako. Changanya kidogo kidogo na uimimine katika chombo kipana, kama kifuniko cha ndoo, ili ipoe. Chagua pia wakati. Mbao iliyoachwa juani asubuhi inapopata moto hupumua hewa nje, na hewa hiyo inatoboa vijipovu katika epoksi mbichi. Anza saa kumi au kumi na moja jioni, mbao inapokuwa inapoa, na epoksi itavutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Huo ni ujuzi mdogo wenye faida kubwa kuliko brashi ya bei ghali.

Mpangilio wa kazi ni huu. Kata nusu mbili za plaiwudi, kila moja sm 90 kwa 30, uzirande kingo mpaka zikutane bila mwanga kupita. Zibe kingo zote kwa epoksi mara mbili au tatu. Maji huingia plaiwudi kupitia ukingo, si kupitia uso. Gundisha mpaka wa mvule wa unene wa mm 15 na kimo cha mm 35 kuzunguka pande za nje, ukiuacha ukining'inia chini ya ubao kwa mm 26 ili uupe ubao ukakamavu, na juu uwe sawa na uso wa meza. Chini, kando ya mstari wa bawaba, gundisha pau moja kwa kila nusu, mm 20 kwa 30. Bila pau hizo meza ya mm 9 itabonyea katikati mtu akiegemea kiwiko. Kisha pau fupi mbili kwa kila nusu pale mti wa kukingama na kichwa cha T vitakapokaa. Jiriwa zikikupungukia, mawe mazito na kabari vitafanya kazi hiyohiyo.

Bawaba ziwe za shaba, na skrubu zake ziwe za shaba vilevile. Ukichanganya shaba na skrubu za chuma cha kawaida, maji ya chumvi yatafanya metali mbili hizo zilane, na chuma ndicho kitakacholiwa. Ukitumia chuma cha pua uliza namba yake: 316 ina madini ya molibdeni na inavumilia bahari, 304 itatoa madoa ya kahawia kabla ya mwaka kuisha. Kila skrubu itobolewe njia kwanza, na tundu lipakwe epoksi kabla skrubu haijaingia.

Sasa ukingo wa kuzuia vyombo. Ubao wenye vanishi ukilowa, sahani huanza kuteleza meza ikiinama nyuzi 10 hadi 15 tu. Kupinduka ni jambo jingine: gilasi ya kitako cha sm 7, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sm 6 juu ya meza, haipinduki yenyewe mpaka mlalo ufike nyuzi 30. Vyombo, basi, huteleza mapema sana kabla ya kupinduka, na kazi ya ukingo ni kusimamisha mtelezo huo. Kimo cha sm 2.5 kinatosha. Kikizidi, mkono wa mlaji unagonga ukingo kila tonge. Usiufunge kwenye pembe. Acha uwazi wa sm 4 kila kona ili maji na makombo yapate pa kutokea na kitambaa kipite. Na uwe wa kuchomoa, wenye vijiti vinavyoingia katika matundu madogo ya mpaka wa mvule, kwa sababu ramani ya bahari na kazi ya sindano hutaka uso mtupu, na kwa sababu meza yenye ukingo wa kudumu haikunjiki. Kitambaa cha pamba kilichoroweshwa na kukamuliwa, kikitandikwa chini ya sahani, kitasaidia kama ukingo wenyewe. Kwa sinia, pinda kipande cha kamba ya katani duara, sawa na kitako chake, ukishone, na ukiweke katikati ya meza; sinia likikaa juu ya duara hilo halisogei.

Wengine hutaka meza hiyohiyo ishushwe hadi usawa wa mabenchi iwe kitanda. Katika mashua yenye kibanda wazo hilo ni la kawaida na lina maana. Kwa mashua ya wazi ya mita 6 silikubali. Ubao unaobeba mtu aliyelala unahitaji mm 15 au pau nzito, na hapo umekwisha kupoteza wepesi ambao ndio uliotufanya tuchague plaiwudi. Wala meza isiwe ubao wa kukatia samaki. Kisu kinapasua vanishi, damu na chumvi zinaingia, na harufu haitoki tena. Ubao wa samaki uwe wake, wa mti wowote, usio na rangi.

Mahali pa kulala chini ya benchi pawe na vigingi viwili vya mbao vinavyoizuia meza isiteleze kuelekea ngama, na kamba mbili zenye vitanzi vya kuvuta. Meza hii inaelea. Chombo kikijaa maji, meza isiyofungwa itaelea na kupiga watu vichwani, kisha itakwenda zake. Mikono, mguu wa T na ukingo vifungwe pamoja katika mfuko mmoja wa turubai, ulioshonewa kitanzi, ufungwe palepale. Fanya zoezi la kuiondoa usiku, bila taa, mara kadhaa, mkiwa wawili na kisha mmoja peke yake. Ikichukua zaidi ya dakika moja, kuna fundo la kamba lisilofaa au kijiti kinachobana. Kitafute ukirekebishe kabla ya safari.

Baada ya kila safari imwagie maji baridi yasiyo na chumvi na uikaushe ikiwa wazi, si ikiwa imekunjwa. Epoksi haivumilii jua, kwa hiyo vanishi iliyo juu yake iwe ya kuzuia miale, mipako isiyopungua 4, na mpako mpya kila mwaka. Wakati mzuri ni kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza. Kagua kwanza kingo na matundu ya vijiti. Ukiona weusi mdogo chini ya vanishi, kwangua siku hiyohiyo mpaka mbao safi, kausha, paka epoksi, kisha vanishi. Ukiuacha msimu mmoja matabaka ya plaiwudi yataachana, na yakiachana hayarudi. Utakata ubao mwingine.